Kazi Bila Haki: Wakazi wa Kisangani na Utunzaji wa Maeneo ya Wazi

Hali ya maeneo ya wazi mjini Kisangani, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yaani bustani, viwanja vya mapumziko na miti ya kando ya barabara inayotumiwa na watu wote, huelezwa mara nyingi kwa kuulaumu uzembe wa wakazi. Hoja inayotetewa hapa ni kinyume chake: wakazi wa mji huu wamefanya kazi ya usafi kwa miongo kadhaa, lakini kazi hiyo imetengwa na haki ya kusema lolote juu ya ardhi inayosafishwa, na kazi ya namna hiyo haina wa kuiendeleza.

Historia ya salongo inalionyesha jambo hili. Salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha na kulima iliyoenezwa na utawala wa Rais Mobutu katika miaka ya 1970, ilitangazwa kuwa uzalendo. Ila kwa wazee waliokumbuka kilimo cha lazima kilichowekwa na Wabelgiji mwaka 1917, ambacho kiliwadai wanakijiji siku 60 za kazi kwa mwaka, ilifanana mno na shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa. Aidha, salongo ni kazi ya siku moja, ilhali Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, mvua hunyesha kila mwezi, na nyasi zilizofyekwa Jumamosi huwa zimefika magotini kabla maofisa hawajarudi kukagua. Anayeweza kuziwahi ni yule anayeshinda hapo: mwendesha toleka (baiskeli ya kubeba abiria) anayesubiri wateja kivulini, na mama anayepanga mafungu ya mboga za lengalenga juu ya gunia chini ya mwembe, ambaye hufagia majani makavu kila asubuhi bila kuamrishwa na mtu.

Mfano ulio bora zaidi wa utunzaji kama huo upo mtoni, ndani ya mji wenyewe. Kwenye maporomoko ya Boyoma, wavuvi wa jamii ya Wagenia husimamisha nguzo katika nyufa za miamba, huzifunga kwa kamba za mwituni na kuning'iniza migono, yaani mitego mikubwa ya kusuka yenye umbo la pia. Maji yakijaa hung'oa nguzo, nao huzisimamisha upya, kwa kuwa kila ukoo unaijua sehemu yake na samaki wa sehemu hiyo huwarudia walioihudumia. Elinor Ostrom, aliyechapisha utafiti wake mkuu kuhusu mali ya pamoja mwaka 1990 na kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba mali ya aina hiyo hudumu pale watumiaji wanaposhiriki kutunga kanuni na kusimamia utekelezaji wake. Wagenia walikuwa wakiliishi jambo hilo zamani sana, na inasikitisha kwamba viwanja vya nchi kavu, mwendo mfupi kutoka maporomokoni, havijaiga hekima hiyo.

Sheria haizuii hekima hiyo kuigwa viwanjani. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inakataza ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya umma kugawiwa mtu kabla haijaondolewa rasmi katika matumizi hayo, na Katiba ya 2006 inazipa komini (manispaa ndogo za mji), zikiwamo sita za Kisangani, hadhi ya kisheria na uhuru wa kusimamia rasilimali zake. Kinachokosekana ni mkataba wa maandishi kati ya komini na wakazi wanaouzunguka uwanja, unaotaja mipaka, matumizi yanayoruhusiwa (hata matuta ya mboga pembezoni, ambayo si adui wa bustani) na haki ya kusikilizwa kabla uzio wowote haujasimama.

Nairobi inafundisha upande wa fedha. Msitu wa Karura, ambao mwanamazingira Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999 usigawiwe wajenzi, ulistawi baada ya sheria ya misitu ya 2005 kuruhusu jumuiya za wakazi kuusimamia pamoja na serikali, huku ada za mlangoni zikilipia ulinzi na upandaji miti. Na mwaka 2025, ada hizo zilipoamriwa kupitia mfumo wa malipo wa serikali, mvutano ulizuka mara moja. Kwa hiyo mkataba wa Kisangani hauna budi kutaja pia ni nani anayeshika kasha, ili ada ya meza ya muuza maji pembeni mwa uwanja inunue kwanza mapanga, ndoo na miche ya uwanja huohuo, ndipo salio lipelekwe komini.