Bangili za Mababu na Asili Yake

Mtu aliyerithi bangili ya mababu hapa Isevya, katika mji wa Tabora, asiharakishe kuiuza. Kwanza na aitazame palipochubuka. Wekundu ni dalili ya shaba tupu. Manjano ni dalili ya shaba iliyochanganywa na zinki. Hii wengine huidhani dhahabu, lakini dhahabu safi haifanyi kutu ya kijani. Kinachovutwa na sumaku ni chuma.

Shaba ya manjano ililetwa na misafara kutoka pwani, nayo ilikuwa nyaya nene zilizoitwa masango. Shaba nyekundu nayo yaweza kuwa ya pwani. Lakini yaweza pia kuwa ya Katanga, ambako Wanyamwezi walikwenda wenyewe kuinunua. Msiri, aliyetoka Unyamwezi, alikaa huko akatawala Bunkeya, hata alipouawa mwaka 1891.

Kwa hiyo rangi peke yake haitoshi. Yapasa kuwauliza wazee bangili ilipatikanaje. Watoto wetu husikia kwamba babu zao walikuwa wapagazi wa mizigo ya wengine. Kumbe walikuwa na biashara yao wenyewe. Na bangili ikiisha kuyeyushwa, ushahidi huo haurudi.