Kamchape

Ukishuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kutoka Sumbawanga kwenda Mtowisa, katika Bonde la Ziwa Rukwa, uko katika nchi ambayo wazee wake wanalijua neno kamchape, jina la wasaka wachawi. Mgeni akilisikia huwaza fimbo, maana katika Kiswahili kuchapa ni kupiga. Sivyo. Limetoka kusini, katika Kinyanja, ambako kuchapa ni kufua nguo.

Wafuaji hao wa uchawi, wakiitwa mchape, walienea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini miaka ya 1930. Waliwapanga wanakijiji mstari, wakawatazama kwa kioo, wakawanywesha dawa. Miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Roy Willis aliwakuta huku Ufipa, na makala yake juu yao ilitoka mwaka 1968.

Ahadi ya jina ni tamu: kijiji kitakate, hofu iishe. Lakini ili kufua lazima kwanza doa lipatikane, na doa hilo ni mtu. Mara nyingi ni bibi anayeishi peke yake, au jirani mliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, kisha mtoto wako akaugua. Atathibitishaje kwamba hakutenda kisichoonekana? Akinyamaza, ana hatia. Akilia, hatia inazidi. Hapo jina hili linanitia uchungu.

Siku hizi wasaka wachawi hao huitwa pia lambalamba, na kuna vijiji vinavyochangishana fedha ili kuwaita. Hata hivyo, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ingalipo, na kumtangaza mwenzako kuwa mchawi ni kosa.