MAMA FUNDI WA NYUMBA ZA UDONGO

Nimeombwa niandike historia katika kijitabu hiki cha miaka kumi. Habari ya fedha zetu ataieleza mweka hazina. Mimi nitasimulia ya mwanamke fundi wa mbali, maana inatuhusu.

Huko Marekani, jimbo la New Mexico, kuna mji uitwao Taos. Nyumba zao za asili ni za matofali mabichi: udongo, mchanga, maji na nyasi kavu, yanaanikwa juani bila kuchomwa. Kwa desturi yao wanaume walijenga kuta, wanawake wakakandika. Fundi huyo wa kike wanamwita enjarradora. Kazi za meko na sakafu ya udongo nazo zilikuwa zake.

Saruji ilipoenea, ujuzi huo ukaonekana wa kimaskini. Anita Rodríguez, aliyezaliwa Taos mwaka 1941, hakukubali upotee. Alijifunza kwa kina mama wazee, akawa fundi wa kulipwa kwa miaka mingi, ndipo akageukia uchoraji.

Na wazee hao walijua. Jirani na hapo, Ranchos de Taos, kuna kanisa la udongo la San Francisco de Asís. Mwaka 1967 lilipigwa lipu ya saruji ili watu wapumzike kukandika. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakakosa pa kutokea, matofali yakalainika ndani kwa ndani. Mwaka 1979 saruji ikabanduliwa, wakarudia udongo. Waumini wanakandika kwa mikono yao, wake kwa waume.

Niliposikia habari hiyo nilinyamaza kimya. Nyumba ya marehemu mama yangu niliipiga saruji kwa mkopo, nikajiona nimeendelea. Mama alinikataza: "Mwanangu, udongo unataka udongo mwenzie." Nikasema huyu mzee wa zamani. Masika ya pili ukuta wa nyuma ukalala chini, na mkopo bado nalipa.

Sisemi saruji ni mbaya, ina mahali pake. Nasema tuwaulize bibi zetu wangali hai: udongo upi, mchanga kiasi gani, ukandikwe lini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliujenga, kwa hiyo najua gharama yake.

Hongereni kwa miaka kumi.

Mwenyekiti wenu