Majivu ya Mlima Rungwe

Sisi wa Matwebe na jirani zetu wa Rungwe hulima juu ya majivu. Mahali pengi ukichimba shimo utakuta tabaka la vijiwe vyepesi vyenye vitundu kama mkate. Vilirushwa na Mlima Rungwe miaka kama 4,000 iliyopita, karibu na nyakati ambazo wengi wetu humweka Ibrahimu.

Katika darasa la kipaimara, tukiwa kwenye sehemu ya kwanza ya Imani, ile ya uumbaji, kijana mmoja aliuliza: “Mchungaji, nani alikuwepo akahesabu miaka hiyo?” Tulimjibu kwa mkato kwamba hayo ni ya shuleni. Jumapili mbili hakuonekana. Tukaona aibu, tukaanza kusoma.

Atomu ina kiini chenye protoni na nyutroni, na elektroni ziko nje yake. Kiini kilielezwa na Rutherford mwaka 1911. Nyutroni ikagunduliwa na Chadwick mwaka 1932. Protoni ndizo zinazoipa atomu jina: zikiwa 6, hiyo ni kaboni, basi. Nyutroni zaweza kutofautiana. Kaboni nyingi ina nyutroni 6, lakini chache mno ina 8, na hiyo haitulii. Nyutroni moja hugeuka kuwa protoni, elektroni hutoka, na kaboni inakuwa nitrojeni.

Mgomba, mti, hata sisi, tukiwa hai tunaipata kaboni hiyo kila siku. Uhai ukikoma, haiongezwi tena. Kila miaka 5,730 nusu yake huondoka. Libby na wenzake huko Marekani walionyesha mwaka 1949 jinsi ya kuitumia kupima umri. Kwa hiyo mti uliofunikwa na majivu ya Rungwe bado una zaidi ya nusu ya ile ya mwanzo. Aliyekuwepo ni mti.

Mlima Kyejo ni habari nyingine. Ulitoa moto karibu mwaka 1800, kabla wamisionari hawajafika huku mwaka 1891, na hilo limejulikana kwa masimulizi ya wazee. Tunadhani tuliwahi kuyadharau masimulizi hayo kama tulivyolidharau swali la kijana.

Tulimfuata nyumbani kwao tukamweleza haya yote. Alisikiliza, kisha akauliza: na jiwe lisilo na mti ndani yake je? Tulimwambia kwamba hapo hupimwa potasiamu inayogeuka kuwa agoni. Akataka kujua inageukaje. Tukaomba atupe wiki moja.