Mlangoni na Ndani: Adabu ya Abiria katika Uchumi wa Daladala

Mjadala kuhusu ustaarabu katika daladala za Dar es Salaam huishia mara nyingi kwenye malezi: makonda hawana adabu, vijana hawawapishi wazee, mji umewaharibu watu. Maelezo haya hayatoshi, kwa sababu yanashindwa na jambo linaloonekana kila siku. Gari likikaribia kituo saa za jioni, abiria husukumana, wengine hupenyea madirishani, na mjamzito huachwa nyuma. Muda mfupi baadaye, watu wale wale wakiwa ndani, aliyekaa humpokea mzigo aliyesimama, mtoto wa mtu asiyejulikana hupakatwa, na nauli ya aliyeketi nyuma hupita mikononi mwa watu kadhaa hadi imfikie konda, kisha chenji ikarudi kwa njia hiyo hiyo bila kupungua. Kama malezi ndiyo yaliyokosekana, yangekosekana pande zote mbili za mlango. Makala haya yanashikilia kwamba adabu haijatoweka katika usafiri wa umma, ila pale mlangoni gharama yake imeongezwa na kubebeshwa wale wasioweza kuimudu.

Ili kuuelewa mlango huo, inafaa kuanza na hesabu. Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA), lililoundwa mwaka 1974, lilishindwa kukidhi mahitaji ya mji uliokuwa ukipanuka, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria. Tangu hapo uhusiano wa kazi umejengwa juu ya makubaliano ya mdomo: tajiri, yaani mwenye gari, humkabidhi dereva gari na kila siku kudai hesabu yake, yaani kiasi cha fedha walichokubaliana, iwe abiria wamepatikana au la. Mtafiti Matteo Rizzo, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu daladala, ameonyesha jinsi wafanyakazi hawa, ambao wengi hawana mikataba, wanavyobeba hasara yote ya siku mbaya. Kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ndicho riziki ya dereva na konda. Kwa hiyo dakika ya kumsubiri mzee apande taratibu inatoka mfukoni mwao. Mwanafunzi ndiye mfano ulio wazi zaidi. Nauli yake ya shilingi 200 haifiki nusu ya ile ya mtu mzima, wala hakuna ruzuku inayofidia pengo hilo. Dola imempa mwanafunzi haki, kisha ikamwachia konda ailipie. Konda anayemzuia mwanafunzi kupanda anakosea, lakini kosa lake limepangiwa mazingira na wengine.

Pingamizi zito dhidi ya hoja hii linatoka kwenye mabasi ya mwendokasi. Mabasi hayo, yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, hayana konda wala hesabu ya jioni, na tiketi hukatwa kabla ya kupanda. Hata hivyo, msukumano katika vituo kama Kimara umekuwa habari ya kawaida. Je, hili halithibitishi kwamba tatizo ni watu wenyewe? La. Linathibitisha kwamba hesabu si sababu pekee. Foleni ni ahadi: anayengoja zamu yake anaamini kwamba zamu hiyo itafika. Mabasi yakiwa machache na yasiyotabirika, anayempisha mwenzake hajui kama atapata jingine, na upole wake unaweza kumgharimu saa nzima. Mwendokasi umeondoa shinikizo la konda na kuacha lile la uhaba.

Wengine watasema dawa ni sheria kali, wakitaja kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Kenya mwaka 2004. Kanuni hizo zililazimisha mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na sare za wahudumu, na zikadhibiti idadi ya abiria katika matatu. Mafanikio yake ya awali hayapingiki: msongamano ulipungua kwa sababu kila kiti kilihesabika. Lakini ziligusa gari zaidi kuliko mkataba wa anayeliendesha. Wahudumu waliendelea kudaiwa fedha za kila siku, na usimamizi ulipolegea, mazoea ya zamani yakarejea. Adhabu huzuia kosa penye askari. Haiwezi kuufanya utaratibu uwe na faida kwa anayeufuata.

Hoja hii haimwondolei mtu wajibu. Konda anayemtukana mama au kumshika abiria mwili haokoi senti hata moja ya hesabu, na hapo lawama ni yake kamili. Abiria kijana aliyekwisha kukaa naye hana kisingizio cha uhaba anapojifanya amelala mbele ya mzee. Tofauti hii ndiyo inayopaswa kuongoza sera: palipo na ukorofi usio na faida, pafaa maonyo na adhabu; palipo na ukorofi unaolipa, ni lazima malipo yenyewe yabadilishwe. Mshahara badala ya hesabu, fidia ya nauli ya wanafunzi, na mabasi yanayokuja kwa ratiba vitaufundisha mji adabu kuliko matangazo ya kuwahimiza watu wastaarabike, kwa kuwa wengi wao wamekwisha kustaarabika na wanachosubiri ni nafasi ya kuonyesha hivyo bila kukosa usafiri.