Watu wa Ziwa Mareotis



Tukitaja watawa wa Misri, mara tunamkumbuka Antonio na Wakristo wenzake wa jangwani. Walakini zaidi ya miaka 200 kabla yake, walikuwako Wayahudi waliouacha mji wa Iskanderia wakaenda kukaa juu ya kilima kando ya Ziwa Mareotis. Waliitwa Therapeutai, neno la Kiyunani ambalo maana yake ni waponyaji, na pia wamwabuduo Mungu. Habari zao twazipata kwa Philo, Myahudi msomi wa Iskanderia aliyeishi katika siku za mitume. Hakuna mwandishi mwingine wa wakati ule aliyewasimulia.

Philo asema kwamba kabla ya kuondoka waliwaachia mali yao watoto, jamaa au rafiki zao. Kila mtu alikaa katika nyumba yake ndogo, akiwa na Torati, maneno ya manabii, na nyimbo za sifa. Waliomba alfajiri na jioni, na mchana kutwa walisoma Maandiko. Hawakula kabla ya jua kutua. Chakula chao kilikuwa mkate na chumvi, wengine wakiongeza hisopo, na maji ya chemchemi. Nyumba zao hazikubanana kama za mjini, wala hazikuwa mbali mno, ili wanyang'anyi wakija waweze kusaidiana.

Siku ya saba walikusanyika. Wanawake nao walikuwa washiriki kamili. Ukuta wa dhiraa 3 au 4 uliwatenga na wanaume, lakini haukufika juu, hata kila neno la mzee aliyefundisha walilisikia. Katika sikukuu yao kubwa waliimba usiku kucha, wanaume kwa wanawake, wakikumbuka jinsi Musa na Miriamu walivyoimba kwenye Bahari ya Shamu.

Tena, mezani pao hapakuwa na mtumwa. Walisema kwamba kumiliki mtumwa ni kinyume cha maumbile, kwa kuwa watu wote wamezaliwa huru. Vijana wao wenyewe ndio waliohudumu, kama watoto wawahudumiavyo baba na mama. Na haya yalikuwa katika dola ya Rumi, iliyojaa watumwa!

Katika karne ya 4, Askofu Eusebius wa Kaisaria aliwadhania kuwa Wakristo wa kwanza wa Misri. Leo wataalamu wengi wanakubali kwamba walikuwa Wayahudi. Basi na tusione haya kukiri kwamba kabla ya watawa wetu, wana wa Ibrahimu walikwisha kupita njia kama hiyo.

Lakini Philo mwenyewe hakukaa kilimani. Mwaka 38 Wayahudi wa Iskanderia walishambuliwa, nyumba zao zikaporwa na masinagogi yao yakanajisiwa. Philo, mtu mzima mwenye umri, akauongoza ujumbe wa kwenda Rumi kuwatetea ndugu zake mbele ya Kaisari Gayo. Katika maandiko yake mengine alisikitika kwamba shughuli za watu zilimwondoa katika utulivu wa kutafakari. Hata hivyo alikwenda.

Hapa, wapendwa, ndipo penye swali letu. Je, aliyempendeza Mungu ni yule aliyebaki ziwani akiomba, au yule aliyevuka bahari kwa ajili ya ndugu zake? Hatudhani kwamba yatupasa kumchagua mmoja na kumlaumu mwenzake. Maombi yanayotufanya tusisikie kilio cha jirani yana kasoro. Hali kadhalika, mtumishi asiyekuwa na saa ya kunyamaza mbele za Mungu huishiwa upesi, kama taa isiyotiwa mafuta.

Si kila mmoja wetu awezaye kuliacha shamba na watoto. Lakini alfajiri na jioni tumepewa sote. Basi tuzitumie kumtafuta Mungu, kisha tukiitwa kwenda kumtetea aliyeonewa, tuondoke tukaende.

Bwana awabariki. Amina.