Mtoto Azaliwaye Mdogo

Mtoto akizaliwa mdogo kupita kiasi, maneno ya watu hayakawii. Huyu humlaumu mama, yule hutafuta mchawi. Lakini katika vijiji vya msituni, kama hapa Mbau kwenye njia ya Beni kwenda Oicha, iko sababu moja kubwa iliyochukua miaka mingi kujulikana.

Zamani madaktari walidhani kila mtoto mdogo amezaliwa kabla ya siku zake. Mwaka 1963, huko Denver, Marekani, Dk. Lula Lubchenco alitoa chati ya uzito wa watoto kwa majuma ya mimba. Ikawa rahisi kuwatambua watoto waliotimiza majuma yao, lakini walikosa kukua tumboni.

Kwa nini wakose? Jibu moja lilikwisha anza kuonekana Kenya, ambako Dk. Garnham aliandika mwaka 1938 juu ya malaria iliyojificha katika kondo la nyuma. Kondo ndilo mlango wa chakula cha mtoto. Mwaka 1996, Michal Fried na Patrick Duffy waliwachunguza akina mama wa Kisumu, wakaonyesha kwamba vijidudu vya malaria hunata humo kondoni kwa namna ya pekee. Kwa hiyo hata mama aliyezoea malaria tangu utoto hushikwa upya katika mimba ya kwanza, na pengine hasikii homa yo yote.

Lakini damu hutoa ushahidi. Mwaka 2006, uchunguzi wa Muheza, Tanzania, ulikuta kwamba mama wa mimba ya kwanza mwenye malaria kondoni ana protini nyingi iitwayo sFlt-1, ambayo huzuia mishipa ya damu isichipue vema. Mwaka 2011, habari za Papua New Guinea zilionyesha kwamba kondo likivimba kwa malaria, hormoni ya IGF-1 inayomkuza mtoto hupungua. Na mwaka 2009, uchunguzi wa Kinshasa ulionyesha kwamba malaria humdhuru zaidi mtoto wa mama aliyekonda.

Basi kosa si la mama, wala mchawi hayupo.

Alama hizo hupimwa katika maabara kubwa, lakini kinga haingoji maabara. Mama alale ndani ya chandarua, ale vizuri, na baada ya miezi mitatu ya kwanza apokee kwa muuguzi dawa ya kuzuia malaria kila aendapo kupimwa mimba.

Twajua kwamba tangu 2014 mauaji yamefanya njia zetu kuwa za hofu, na mama mwenye mimba hawezi kukimbia upesi. Kwa hiyo asiende peke yake. Bikira Maria alikaa na Elizabeti kama miezi mitatu. Nasi, waume na majirani, tumsindikize mama mpaka kituo cha afya, tumpunguzie mzigo wa shamba, na ndimi zetu tuzifunge.